Waliokwenda Kulipima Darasa la Bi Tumu

Mamake Nasiha binti Taib hadi leo hajaweza kuwaeleza majirani kazi ya mwanawe. Akiulizwa husema, "Hupima miradi," na kwa sababu hiyo jirani mmoja wa nyuma ya Ndia Kuu alibisha hodi asubuhi moja akiwa na hati ya kiwanja chake cha Mtwapa, akitaka Nasiha akamwekee mipaka sawa. Nasiha alimkaribisha, akamtilia kahawa, kisha akamweleza kwa upole kwamba yeye si mpima ardhi. Yeye ni mwalimu wa tathmini. Huwafundisha vijana namna ya kuutazama mradi, uwe wa maji, wa afya au wa masomo, na kujua kama kweli umemfaa yule ambaye ulianzishwa kwa ajili yake.

"Na ukiwa haukumfaa?" jirani akauliza.

"Husema haukumfaa."

"Mbele ya mwenyewe?"

"Mbele ya mwenyewe."

Yule mzee alikunja hati yake taratibu, akaitia mfukoni. "Mwanangu," akasema, "kiwanja changu ni rahisi kuliko hayo."

Kazi hii Nasiha hakuitafuta. Alipomaliza shule alikuwa akimsaidia babake, Mzee Taib, katika duka lake la vinyago na masanduku ya nakshi, na siku moja wakaja watu kutoka nje ya Mombasa wakitafuta msichana wa mji, anayeweza kuingia majumbani na kupokewa. Walikuwa wakipima mradi wa matangi ya maji. Wakampa madodoso, wakamwonyesha namna ya kutia alama, naye akaanza kuzunguka vichochoroni.

Katika nyumba moja mama mwenye nyumba alimwambia, "Tangi lenyewe zuri, halina ila. Lakini ufunguo wa bomba anao mtu akaaye Kisauni, naye huja siku apendayo. Sisi maji twanunua vilevile kwa mkokoteni." Nasiha akaligeuza lile dodoso mbele na nyuma akitafuta mahali pa kuyaandika maneno hayo. Swali lilikuwa moja tu: unaridhika na tangi? Mama akamwambia atie alama ya kuridhika, maana tangi limekosa nini? Jioni Nasiha alimweleza msimamizi wake habari ya ufunguo. Msimamizi alikuwa mtu mwema, wala hakumkemea. Alimwambia tu, "Ufunguo hatukuulizwa." Ripoti ilipotoka, ule mradi ulisifiwa kuwa wa kupigiwa mfano.

Jambo hilo lilimkaa kooni. Hakuona mtu aliyesema uongo, si mama yule, si msimamizi, hata hivyo uongo ulikuwa umeandikwa na kupigwa chapa. Ndipo akaamua kwenda kuisomea kazi yenyewe. Alisoma jioni huku mchana akifanya kazi, akapata shahada, akafanya tathmini za mashirika haya na yale kwa miaka mingi, na mwisho akaajiriwa kufundisha katika chuo kidogo kilichokodi ghorofa moja huko Buxton, juu ya duka la vifaa vya umeme.

Mwanzoni alifundisha kama alivyofundishwa. Alichora visanduku na mishale ubaoni, huku rasilimali, huku shughuli, huku matokeo, na wanafunzi wakayakariri kama watoto wa madrasa wanavyokariri alifu na be. Siku moja aliwauliza, "Mama yako akikuuliza kama lile darasa la ushonaji limemsaidia au halikumsaidia, utafanya nini ujue?" Kijana mmoja akajibu bila kusita, "Nitamchorea mchoro, Mwalimu." Darasa zima likacheka, na kijana mwenyewe akacheka. Nasiha hakucheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani, ndani ya tuk-tuk, alikuwa akijiambia kwamba huyu kijana ndiye atakayekwenda kesho kuuliza habari za matangi.

Muhula uliofuata alikuja darasani na viazi karai, vile vinavyochovywa unga na kukaangwa. Alikuwa amenunua kwa wauzaji watatu, kila fungu na karatasi yake na ukwaju wake, akayapanga mezani na kuwauliza wanafunzi vipi ndivyo vizuri. Kelele zilizozuka zilisikika hadi dukani chini. Akawanyamazisha, akawakataza kutaja fungu lolote kabla hawajakubaliana kizuri ni kipi. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mmoja alisema kizuri ni kile kinacholia mdomoni. Mwingine akasema ukwaju ndio kiazi. Dama, msichana wa Kigiriama kutoka Kaloleni aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake papo hapo Buxton, akasema kizuri ni kile kinachokufikisha hadi jioni bila njaa. Na msichana mmoja mwenye vidonda vya tumbo akasema, kwake yeye, kizuri ni kile kisichomwamsha usiku.

"Basi," akasema Nasiha, "kabla hamjapima chochote, ulizeni: kizuri kwa nani? Na nani aliyesema hicho ndicho kipimo?"

Huzaifa, kijana wa Mji wa Kale mwenye maneno machache, alikuwa akitafuna. Alipomaliza akasema, "Na muuzaji je? Hatukumuuliza yeye alitaka viwe vipi."

Nasiha alifurahi siku hiyo kuliko siku zote za visanduku. Lakini alijua viazi ni viazi. Kiazi hakioni haya, wala hakina watu wa kukitetea. Akataka wanafunzi wake wapime kitu chenye mwenyewe.

Hapo akamwendea Bi Tumu.

Bi Tumu alikuwa muuguzi mstaafu, na kabla ya hapo mkunga, na nusu ya watu wa mtaa ule walikuwa wamepita mikononi mwake siku waliyozaliwa. Alipostaafu aliona wanawake wa rika lake wakiishia kwa kisukari, huyu macho, huyu mguu, akaanzisha darasa la mapishi katika chumba cha juu cha nyumba yake. Kila Jumamosi aliwafunza kupika kwa mafuta machache, wali mchache, na chai isiyokuwa sharubati. Shirika moja la hisani lilikuwa likimsaidia, na sasa lilitaka kujua kama darasa lile lina faida. Nasiha alipomwomba ruhusa ya kuwaleta wanafunzi wake waitazame kazi hiyo, Bi Tumu alikubali kabla mwenzake hajamaliza kusema.

"Walete, mwanangu. Waje waone. Sina la kuficha mimi."

Kabla ya kwenda, Nasiha alilikalisha darasa. "Nina neno la kuwaambia," akasema. "Bi Tumu ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Nampenda, tena namwogopa. Kwa hivyo katika ripoti hii sitaandika hata sentensi moja, na kabla haijatoka itasomwa na mwalimu mwingine asiyemjua. Nani hapa ana jambo kama langu?"

Watu wakatazamana. Huzaifa akainua mkono. Bibi yake mzaa mama alikuwa mwanafunzi wa Bi Tumu tangu mwaka uliopita.

"Vyema. Hutamhoji bibi yako, wala hutakuwapo akihojiwa. Na ukurasa wa kwanza tutayaandika hayo yote, langu na lako. Kuwa na mtu si aibu. Ukimficha ndipo unapoharibu kazi."

"Mimi sina mtu," akasema Dama. Aliyasema kama anayeungama kasoro. "Mji wa Kale naujua kwa kupita tu. Hata kusalimia kwao sikujui vizuri. Hao akina mama wataniambia nini?"

Wakaenda. Walizunguka nyumba kwa nyumba, wakanywa kahawa, wakala kashata, wakarudi na nyuso zinazong'aa. Kila mama waliyemuuliza kama darasa limemsaidia alijibu, "Twashukuru." Kila mmoja alisema Bi Tumu ni mtu wa peponi. Dama aliposoma muhtasari wake mbele ya wenzake, ulikuwa mfupi: wote wameridhika.

Nasiha aliyaweka madodoso yao pembeni. "Hamkudanganywa," akasema. "Mmejibiwa kwa adabu. Mgeni ameingia nyumbani mwangu, ameketi mkekani, kahawa yangu i mkononi mwake, kisha aniuliza kama jirani yangu ni mwema. Nimjibu nini? Swali lenyewe liliomba sifa, likapewa."

"Basi tuulize vipi, Mwalimu?"

"Ulizeni habari ya jana."

Kwa muda wa juma zima darasa halikufanya lingine. Walikaa wawili wawili wakihojiana juu ya jana: uliamka, ukanywa nini, nani aliichemsha chai, nani aliitia sukari, aliyeitia alikuuliza? Nasiha alipita nyuma yao akisikiliza. Akimsikia mmoja anammalizia mwenzake sentensi, alimgusa begani. Akimwona mwingine anakimbilia kalamu kabla mtu hajanyamaza, alimwondolea kalamu. Lililowashinda wengi lilikuwa kunyamaza. Aliwafunza kwamba mtu akishajibu, usiruke kwenye swali jingine. Mwache kidogo, mara nyingi jibu lenyewe bado linakuja nyuma. Huzaifa, ambaye kunyamaza kulikuwa tabia yake, akawa ghafla bingwa wa darasa.

Dama alirudi Mji wa Kale akiwa na hofu ileile. Katika nyumba moja ya Kibokoni alimkuta mama mmoja akichambua mchicha. Akaketi, akamsaidia kuchambua, na baada ya muda akamuuliza, "Jana mlipika nini, mama?"

Yule mama akaangua kicheko. "Jana? Jana palikuwa na biriani! Mavyaa alikuja. Mamake mume wangu umwekee mezani mboga za Bi Tumu? Atasema mwanawe ameoa hospitali."

Dama alicheka naye, kisha akanyamaza kama alivyofunzwa.

"Nilijaribu, mwanangu," mama akaendelea, na sasa sauti ilikuwa nyingine. "Siku ya kwanza nimepika vile tulivyofunzwa, mume wangu akaitazama sahani, akaniuliza, nani mgonjwa? Nikamwambia, mimi. Akasema, basi pika chako peke yako. Nani ana nguvu za kuinjika sufuria mbili kila siku? Hupika moja, tukala sote." Akatupa bua la mchicha. "Bi Tumu simwambii. Yeye hujitolea roho yake. Nakwambia wewe kwa kuwa hukai hapa. Neno langu halitarudi dirishani kwangu."

Dama alitoka nje akasimama kichochoroni, asijue ageukie wapi. Ugeni aliouona kuwa mzigo ndio uliomfungulia mlango. Na haikuwa nyumba ile peke yake. Nyumba baada ya nyumba, jana ilikuwa na pilau, au viazi vya nazi, au mahamri ya wajukuu, na aliyepika alikuwa mwanafunzi mzuri wa Bi Tumu, anayeweza kukuhesabia kila alichofunzwa.

Huzaifa yeye hakuweza kukaa na akina mama. Kwa wengi wao alikuwa mjukuu, na mjukuu hupewa tu chakula na dua. Akaketi barazani na waume. Huko nako alikuta jambo. "Wake zetu huenda kule juu kwa Bi Tumu," mzee mmoja alimwambia, "wakarudi na chakula kama cha mfungo wa mtu mwingine. Kwani kuna aliyetwita sisi? Mimi mke wangu akifa kwa sukari nitafurahi? Lakini hakuna aliyenambia lolote. Niliona sahani tu imebadilika."

Lililobaki walilipata bila kulitafuta. Mama kadhaa, wakisimulia asubuhi yao, walisema "tukirudi kutembea." Dama akauliza kutembea gani. Kumbe baadhi ya wanafunzi wa Bi Tumu, waliofahamiana kule darasani, walikuwa wameanza wenyewe kutoka pamoja baada ya sala ya Alfajiri. Wakivaa raba chini ya mabuibui, walikwenda kutoka Ngomeni hadi Laitihausi na kurudi, wakipiga soga njia nzima. Hakuna aliyewapangia. Bi Tumu mwenyewe alijua wanatembea, lakini hakulihesabu kuwa sehemu ya kazi yake. Dama alikwenda nao asubuhi moja, akaona wanavyocheka, akasikia wanavyotajiana vipimo vya sukari kama watu wanaotajiana alama za mtihani, na vilikuwa vimeshuka.

Alifika chuoni akihema. "Mwalimu, nimepata! Mapishi hayakufanya kitu. Ni kutembea!"

"Nani wanaotembea?" Nasiha akauliza.

"Akina mama."

"Akina mama gani? Wenye magoti mazima? Wenye umri mdogo? Huenda walioanza kutembea ndio waliokuwa na afya tangu mwanzo, na sukari yao ingeshuka hata wangekaa barazani."

Dama aliketi. Furaha yote ilimtoka, na Nasiha alimwonea huruma sana. Lakini hakumwambia neno la kumpoza. Alimwacha arudi tena. Dama alirudi, akauliza kila mtembeaji alikuwaje alipoanza, na kila asiyetembea ni kwa nini. Alikuta kwamba baadhi ya watembeaji walikuwa hoi kabisa mwanzoni, mmoja wao akienda kwa mkongojo. Alikuta pia kwamba wasiotembea wengi walikuwa na magoti mabovu au wagonjwa wa kuuguza nyumbani. Hakupata jibu safi. Katika ripoti aliandika, "Inaelekea kutembea kumesaidia," akalichukia neno "inaelekea" kwa moyo wake wote.

"Usilichukie," Nasiha alimwambia. "Umelipata kwa jasho. Wengi huandika kubwa zaidi ya hilo bila kutoka nje."

Ripoti ilipokuwa tayari, Huzaifa aliomba kusema na mwalimu peke yake. Alikuwa ameandika upya ukurasa wa matokeo. Pale palipoandikwa kwamba darasa halijabadilisha mapishi ya majumbani, yeye ameandika kwamba limepata mafanikio ya kuridhisha kwa kiasi chake.

"Mwalimu, huyu ni mama wa mji mzima. Tutamwambiaje?"

Nasiha hakumkaripia, na yeye mwenyewe usiku uliopita alikuwa amelifikiria hilohilo. Alimuuliza tu, "Bibi yako hajambo?"

Kidole cha mguu wa bibi yake kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, na juma lile alikuwa akipelekwa hospitali kila asubuhi. "Hajambo kidogo," akasema Huzaifa.

"Ukisoma ukurasa huu wako, ungejua la kumfanyia?"

Aliuchukua ukurasa, akausoma tena amesimama. Kisha akaukunja akaondoka nao, na kesho yake ripoti ilirudi ilivyokuwa. Alikuwa ameongeza jambo moja: maneno ya wale wazee wa barazani, neno kwa neno.

Nasiha alikuwa na kanuni moja asiyoivunja, kwamba anayepimwa ndiye wa kwanza kusikia, kabla ya mfadhili na kabla ya mtu yeyote. Basi wakapanda ngazi za Bi Tumu alasiri moja, Dama, Huzaifa na mwalimu wao, wakaketi kwenye chumba kilekile cha mapishi. Dama ndiye aliyesoma. Alianza na yaliyo mema, nayo yalikuwa mengi, maana hakuna mama aliyesahau alichofunzwa. Alipofika kwenye sufuria mbili hakuruka kitu. Hakutaja jina la mama yeyote.

Bi Tumu alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani. Waliponyamaza akauliza, "Mshamaliza?"

"Tumemaliza, bibi."

"Miaka yote hii nimepika na wanawake hawa. Nawajua ndani na nje. Nanyi mmekuja juzi, mwanambia kazi yangu haikufika jikoni." Akamgeukia Nasiha. "Nawe ndiye uliyewaleta."

"Ndimi, Bi Tumu."

Adhana ya Alasiri ikaanza. Bi Tumu akasimama, akamwagiza msichana wa nyumbani awaletee wageni kahawa na tende, akaenda kusali. Walikunywa kahawa yao, wakamngoja. Hakurudi. Mwishowe waliteremka ngazi, na chini kabisa Dama akaanza kulia, na Huzaifa, asiyejua la kufanya, akamshikia mkoba.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito kwa Nasiha. Mjini neno halina mlango. Mamake alimwambia huku akikunja nguo, bila kumtazama, "Umewapeleka watoto wa watu wakamvunjie heshima Bi Tumu." Kila alipopita chini ya dirisha lake Nasiha alisalimu, na Bi Tumu aliitika salamu kamili, na baada ya salamu hapakuwa na neno. Darasani wanafunzi walimuuliza kama hivi ndivyo tathmini humalizika. Aliwaambia ukweli kwamba hajui. Alianza kujiuliza kama alikuwa amewafunza vijana namna ya kuingia katika nyumba ya mtu na kuiacha imevunjika.

Karibu mwezi ulipita. Asubuhi moja ya Jumapili simu ya Nasiha ikalia.

"Assalamu alaykum, Bi Tumu."

"Wa alaykum salaam. Yule kijana wako, mjukuu wa jirani yangu. Wale wazee aliosema nao barazani, walimwambia wangekuja wakiitwa?"

Nasiha alisimama. "Naam. Walisema hakuna aliyewaita."

"Muulize saa gani huwa hawana kazi. Si kwamba wana kazi." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nimewauliza wanawake habari ya jana, kama nyinyi. Walilia, mwanangu. Kumbe walikuwa wakinionea haya."

Mlo wa kwanza wa waume ulifanyika uani kwa Bi Tumu, chini, kwa sababu wazee walikataa ngazi. Palikuwa na mkate wa mofa wa unga wa mtama, mbaazi, samaki wa kuchoma na kachumbari. Wengine walikuja kwa shauku, wengine kwa kuburutwa. Mzee mmoja alionja chai, akakitazama kikombe, akauliza kama sukari imepanda bei. Lakini mkate wa mofa uliwakumbusha mama zao, wakala, wakaomba tena, na Bi Tumu akasimama katikati yao akawaeleza kisukari hufanya nini kwa jicho na kwa mguu, waziwazi, kama muuguzi. Hapakuwa na kicheko hapo. Alipomaliza, yule mzee wa chai aliuliza swali, kisha mwingine, na wakakaa mpaka kivuli kikafunika ua wote.

Bi Tumu aliipeleka ripoti ya wanafunzi kwa shirika la hisani yeye mwenyewe, bila kuibadilisha, akaiambatanisha na kurasa zake mbili za majibu, ambamo alikubali mengi na kukataa moja. Shirika liliridhia aendelee, na safari hii kutembea kuwemo katika mpango, pamoja na mazoezi ya kuketi kwa wenye magoti. Kundi la wanafunzi waliofuata lilikwenda kulipima tena darasa lile. Nyumba nyingi sasa zilikuwa zikiinjika sufuria moja kwa wote, ile ya mafuta machache, ingawa si zote. Biriani ya mavyaa bado ilikuwa na nguvu zake. Bibi yake Huzaifa alikatwa kidole kimoja na mguu ukapona. Sasa hutoka alfajiri na wenzake, taratibu, mwisho wa msafara.

Dama leo anafanya kazi Kwale na shirika la afya ya mama na mtoto, na husemekana hakuna anayempa jibu la adabu likamtosha. Huzaifa amebaki chuoni kama msaidizi wa Nasiha. Na tangu mwaka jana, kila kundi jipya hupata somo moja lisilofundishwa na Nasiha. Bi Tumu hushuka kwenye tuk-tuk pale Buxton, akapanda ghorofa kwa kupumzika pumzika, akaketi kiti cha mwalimu.

Mara ya kwanza alipokuja, vijana walikaa wima kama walio mbele ya kadhi. Aliwasimulia ile alasiri, jinsi alivyouhisi uso wake ukiwaka, jinsi alivyokaa siku nyingi akiisoma ile ripoti ili apate kosa la kuitupa. "Kosa nililipata," akawaambia, "na mwalimu wenu amelikubali. Walikuja kwangu mwanzo na mwisho. Katikati, wakati wanayaona yale, hakuna aliyekuja kunambia hata kidogo. Mkinijia katikati, tutayatafuta pamoja. Mkinijia mwisho tu, mwanihukumu."

Nasiha, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa na wanafunzi, aliinamisha kichwa akaandika. Tangu siku hiyo ndivyo anavyowafunza.

Msichana mmoja wa safu ya mbele akainua mkono. "Bibi, ulichukia sana?"

"Sana."

"Na ungekubali kupimwa tena?"

Bi Tumu akavuta mtandio wake, akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine. "Jumamosi tunaanza saa nne," akasema. "Msile kabla ya kuja."